Hodi ya Wageni: Kikosi Kipya Katika Ulimwengu wa Zamani

Swali lililonifanya niandike makala haya halikutoka kwa mhakiki wala kwa mwanafunzi wa chuo. Lilitoka kwa bibi mmoja wa Kiwengwa, mkulima wa mwani, ambaye usiku ule alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Vijana walikuwa wametundika shuka jeupe ukutani, wameazima projekta, na kijiji kimekusanyika kutazama sinema. Filamu ilikuwa Eternals, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Chloé Zhao. Sauti yake ilikuwa ya Kitaliano, kwani aliyeileta aliipata kwa mgeni wa hotelini. Asiyeijua Kiwengwa huenda akashangaa. Pwani ile, tangu hoteli za Waitaliano zilipoanza kusimama katika miaka ya 1990, imeizoea lugha hiyo hata watoto humsalimu kwayo mgeni yeyote kabla hawajamtazama vizuri usoni.

Mimi niliitwa nifasiri. Filamu nilikwisha kuiona kwa Kiingereza, lugha ambayo nilijifunza peke yangu kwa kamusi na taa ya kandili, na ambayo sasa ndiyo inayonilisha. Basi nikapewa kipaza sauti, kijana mmoja anayejua Kitaliano akakaa ubavuni pangu kunikumbusha nilipo, tukaanza.

Taabu ilianzia kwenye jina. Nilisema kwamba hawa wanaitwa Wa Milele. Bibi akaguna. “Wa Milele ni Mmoja tu, mwanangu,” akasema. “Hao watafutie jina jingine.” Nikawaita Wakongwe, na Wakongwe wakabaki mpaka mwisho. Taabu ya pili ilikuwa idadi yao. Filamu inafungua kwa maandishi marefu ya kueleza nani alimtuma nani na lini, kisha wanatokea watu kumi kwa mpigo, wamepangwa safu kama wachezaji wa mpira wanaosubiri kupigwa picha. Nilijitahidi kumtaja kila mmoja na kipawa chake: huyu huruka na kutoa moto machoni, huyu hugeuza mawe kuwa maji, huyu hutawala nyoyo za watu. Kabla sijawamaliza nilisikia wasikilizaji wameanza kuzungumza mambo yao. Aliyepokewa mara moja ni Makkari, aliyeigizwa na Lauren Ridloff, kwa sababu ni kiziwi na husema kwa mikono. Kijiji kilimwelewa kabla sijafungua mdomo.

Halafu tukafika London. Kuna bwana aitwaye Dane Whitman ambaye mchumba wake, Sersi, ametambulika kuwa mmoja wa Wakongwe. Bwana huyu anauliza kile ambacho kila mtazamaji anataka kuuliza: mbona hamkutusaidia Thanos alipokuja? Sersi anajibu kwamba wamo duniani kwa miaka 7,000, lakini wamekatazwa kuingilia ugomvi wa binadamu ila pale walipo majini wale waitwao Deviants. Nilifasiri hivyo. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, bila hasira yoyote:

“Basi na siku ya Spice Islander walikuwa wapi?”

Hakucheka mtu. Msomaji wa visiwani hahitaji kukumbushwa, lakini wa mbali na ajue kwamba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi na mamia ya watu wakapotea. Palikuwa na watu kwenye majamvi yale ambao bahari haijawarudishia jamaa zao hadi leo. Mzee mmoja akasema taratibu, kama anayejibu kwa niaba ya filamu: “Siku ile tuliwaona wavuvi.” Tukaendelea kutazama, lakini filamu ilikuwa imekwisha kufa mikononi mwangu, na nilikuwa na saa nzima na zaidi ya kuifasiri maiti yake.

Nimelifikiri swali la bibi muda mrefu. Kwa juu ni swali la mpango wa matukio, na wapenzi wa filamu hizi huliuliza kwa namna hiyo. Ulimwengu huu wa filamu za Marvel ulianza mwaka 2008 kwa Iron Man, na Eternals ilikuwa filamu yake ya 26. Mtazamaji aliyefuatana nao miaka 13 ameona jiji la New York likivamiwa, na katika filamu ya 2018 ameona nusu ya viumbe vyote ikipukutika kwa kidole cha Thanos. Leo anaambiwa kwamba muda wote huo palikuwa na watu kumi wenye nguvu kuliko karibu wote aliowajua, wamekaa wanatazama. Ni lazima aulize. Lakini bibi hakuwa amemwona Thanos wala hamjui. Yeye aliuliza jambo la haki. Mwenye uwezo aliyekuwepo na asinyooshe mkono anadaiwa, na hakuna maelezo ya amri ya wakubwa yatakayolifuta deni hilo kwa sentensi mbili.

Ubovu huu una nasaba yake. Jack Kirby, mchoraji aliyeshirikiana na Stan Lee kuanzisha mashujaa wengi wa kampuni hiyo, alipoanza kuchora The Eternals mwaka 1976 aliwajengea dunia yao peke yao. Hawakukusudiwa kuwa jirani wa mtu. Ni wenye kampuni na waandishi waliomfuata ndio waliowavuta na kuwatia katika nyumba kubwa pamoja na wengine. Kirby aliwaandikia miungu ya kale iliyorudi katika dunia ambayo haikuwa na shujaa mwingine, na katika dunia ya namna hiyo swali la bibi lina jibu jepesi. Wakishahamishiwa kwa majirani, jibu linapotea. Filamu ya 2021 ilirithi hitilafu ya miaka 45, na kwa hilo tumsamehe mwongozaji kiasi.

Jinsi ya kuingiza kundi jipya katika ulimwengu uliokwisha kukaliwa ni kazi ambayo Marvel wenyewe wamewahi kuifanya vizuri. The Avengers ya 2012 ilikusanya watu ambao tulikwisha kuwatembelea majumbani mwao katika filamu tano za kati ya 2008 na 2011, kwa hiyo ilikuwa kama harusi ambayo unawajua wa pande zote mbili. (Nikiulizwa Avengers kwa Kiswahili ningesema Kikosi cha Kisasi, ila Elvis Musiba alilichukua jina hilo mapema, mwaka 1979, alipompeleka Willy Gamba Kinshasa. Naye alifanya jambo la busara: Willy tulimjua tangu Kufa na Kupona ya 1974, na wenzake tuliwaamini kwa sababu yeye aliwaamini.) Guardians of the Galaxy ya 2014 ilitumia njia nyingine. Wale ni watu wa mbali, wahuni na wafungwa, hakuna anayewadai kitu, na aliyetoka mbali husamehewa kuchelewa.

Bora kuliko wote aliingia mtu mmoja, na nyuma yake nchi nzima. Katika filamu ya Captain America ya 2016, T'Challa tunamwona mara ya kwanza mjini Vienna pamoja na baba yake, mfalme, aliyeigizwa na John Kani wa Afrika Kusini. Baba na mwana wanaongea maneno machache ya mapenzi na utani, kisha bomu linalipuka na mwana anabaki na maiti mikononi. Hapo hakuna mtazamaji atakayemwuliza mfiwa alikuwa wapi miaka yote; unampa pole na kumpisha. Miaka miwili baadaye, Black Panther ilipotuleta Wakanda, ambayo kwa miaka na miaka ilikuwa imejificha na utajiri wake huku Afrika ikiuzwa na kutawaliwa, swali la bibi lilikuwa palepale, kubwa zaidi kuliko la Eternals. Lakini filamu ile ilikuwa na adabu ya kulitanguliza. Ilimpa Killmonger, mtoto aliyeachwa Oakland, aje alitupe mbele ya kiti cha enzi, na mfalme akashindwa kulijibu ila kwa kubadilika. Lupita Nyong'o wa Kenya, katika nafasi ya Nakia, alikuwa amemwambia mapema jambo hilo hilo kwa upole. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alisimama pale na mkuki. Mimi nina kinyongo changu kidogo, kwamba nchi iliyowekwa na wachora ramani huku kwetu Afrika Mashariki inasema Kixhosa na haijui hata “hujambo”; lakini Kixhosa alikileta Kani mwenyewe, naye ni mzee wa fani, basi nanyamaza.

Yapo pia ya kuchekesha. Katika vitabu vya picha, T'Challa alizaliwa mwaka 1966 ndani ya hadithi za Fantastic Four. Aliwaalika wale wanne Wakanda, kisha akawawinda kwa mitego ili ajipime. Kwa hiyo wao walikuwa wenye nyumba, tangu 1961, na yeye mgeni. Katika filamu mambo yamepinduka: haki za kuwatengenezea filamu wale wanne zilikuwa mikononi mwa Fox mpaka Disney ilipoinunua mwaka 2019, na hivyo wenye nyumba wakabisha hodi mwaka 2025, miaka tisa baada ya mgeni wao kukaa sebuleni.

Kesho yake niliketi barazani na vijana wale, nikawaambia kwamba watunzi wetu walilijua jambo hili kabla ya sinema kuwapo. Naomba radhi mapema: simlinganishi Sayyidna Ali na watu wa kuchorwa. Nalinganisha ufundi wa watunzi tu. Tendi za vita ni ulimwengu mmoja wenye mashujaa wale wale, wanaotoka utenzi huu na kuingia ule, na msikilizaji anawajua kwa majina na sifa. Mtunzi anayetaka kuwatoa tena kwa vita vipya, na adui ambaye hakuna aliyemsikia, ana mtihani ule ule wa Marvel. Nikawatajia Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi.

“Ra's al Ghul?” mmoja akaruka. “Yule wa Batman, Ami?”

Nikadhani ananidhihaki. Kumbe kweli. Adui wa Batman mwenye jina hilo aliingia katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka 1971 na katika filamu ya Batman Begins mwaka 2005. Jina ni la Kiarabu, kichwa cha zimwi, na kila mmoja amelichukua kwa njia yake. Lakini mtunzi wetu wa karne ya 19 alikwisha kulitungia beti zaidi ya 4,000, zikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1979 kwa uhariri wa Leo van Kessel. Vijana wanaojua jina lile kwa sababu ya Batman walikuwa hawajasikia kwamba lipo kwa Kiswahili. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe utenzi ule niliupata katika kitabu kilichokosa jalada, nami nilikuwa na miaka 30 na ushei.

Nikawasimulia vipi unaanza. Baada ya dua na sifa, hatuonyeshwi jeshi. Anakuja mwanamke. Amedhulumiwa, wanawe wameuawa na mfalme huyo dhalimu, naye amesafiri mpaka Madina kushitaki. Mashujaa wanasimama kwa sababu yeye amesimama mbele yao. Wao tumewajua siku nyingi, adui hatumjui, lakini yule mama katuunganisha na wote wawili. Hapo hakuna nafasi ya kuuliza walikuwa wapi, kwa kuwa tulikuwepo walipoitwa, na tuliona hawakukawia. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, naye aliifuata kanuni hii kwa namna ya mjini. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, Bwana Msa hajitokezi kuonyesha akili zake bure. Pana mtu kauawa na pana watu wanaotaka kujua, na yupo sahibu yake Najum wa kuuliza maswali yetu kwa niaba yetu.

Kwa kipimo hicho nikaziangalia tena filamu za 2025. Thunderbolts*, ya mwezi wa Mei, inawakusanya walioachwa pembeni na filamu za nyuma, na kikosi chao kinatangazwa mbele ya waandishi wa habari na mwanamke mwenye hila bila wao kuridhia. Ni hodi iliyobishwa na mtu mwingine, na ndiyo utamu wake. Fantastic Four: First Steps, ya Julai, iliyoongozwa na Matt Shakman, kwanza ilinifanya nitabasamu kwa ujanja. Imewaweka wale wanne katika dunia nyingine kabisa, yenye mandhari ya miaka ya 1960, ambako hakuna shujaa mwingine. Ni kama mtu anayekwepa ugomvi wa mirathi kwa kujenga kiwanja kingine. Hata utangulizi wao ni rahisi: kipindi cha televisheni kinawasifu na kutueleza walivyopata nguvu zao, na katika dakika chache kazi imekwisha. Nikadhani filamu imelikimbia swali.

Haikulikimbia. Galactus, mla sayari, anakuja na masharti: nipeni mtoto wenu, niiache dunia. Wazazi wanakataa. Wanarudi nyumbani na kuwaambia watu ukweli huo, na watu wale wale waliokuwa wakiwapigia makofi wanageuka. Kundi linakusanyika nje ya jumba lao na kuuliza kwa nini wafe wote kwa ajili ya mtoto mmoja. Sue, mama mtu, anatoka na kichanga mkononi, anasimama katikati yao na kusema nao. Laiti usiku ule Kiwengwa tungekuwa na filamu hii! Bibi angekuta swali lake limo ndani, linaulizwa na watu wasio na nguvu yoyote, na shujaa analijibu akiwa ana kwa ana nao, hana ngao. Chombo chao kimeonekana mwishoni mwa Thunderbolts* kikiingia katika anga la wengine. Watakapoteremka watapaswa kubisha hodi upya, na hapo tutaona kama adabu ile wameichukua pamoja nao.

Nirudi kwa Eternals, nisije nikaidhulumu. Filamu ile inalijua swali, na ndiyo maana naisikitikia kuliko ningeichukia. Inatuonyesha Tenochtitlan ya 1521, watu wakichinjana, na Druig akiondoka kwa uchungu kwa kuwa anaweza kuwasimamisha wote kwa fikra tu na amekatazwa. Inatuonyesha Hiroshima, 1945, na Phastos amepiga magoti katika majivu, akilia kwamba elimu aliyowapa binadamu ndiyo hii. Baadaye inafichuka kwamba ulinzi wao wote ulikuwa ufugaji: dunia ni yai, na binadamu walitakiwa waongezeke ili kilichomo ndani kipate nguvu ya kuanguliwa. Hili ni jibu zito, la kutisha, linalostahiki swali la bibi. Lakini limewekwa mbali mno. Kabla ya kufika huko tumekwisha kupewa jibu la sentensi mbili, na mtazamaji akishajibiwa hovyo hatoi sikio mara ya pili. Laiti Phastos na majivu yake ndiye angefungua filamu, badala ya yale maandishi, tungeingia kwa mlango wa mtu anayejidai mwenyewe kabla hatujamdai.

Na pana kosa langu pia. Wafasiri wa filamu wa Dar es Salaam, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hawakufasiri kwa kufuata neno. Walimtia mgeni udugu: huyu ni shemeji wa yule, huyu anadai, huyu ana hasira tangu jana. Wajuzi wa lugha waliwacheka, nami nilikuwa miongoni mwao. Usiku ule nilitaja vipawa kumi kwa usahihi mkubwa, na sikumtia udugu hata mmoja.

Vijana sasa wanaandika filamu yao. Wamenionyesha kurasa za mwanzo: mashujaa watano wanatoka katika mapango ya msitu wa Kiwengwa, kila mmoja na nguvu yake, ukurasa mzima wa nguvu. Niliwauliza ni nani aliyewaita. Wakatazamana. Juzi walinipigia simu kusema kwamba wamefuta ukurasa ule, na sasa filamu inaanza pwani, maji yamekupwa, mwanamke yuko peke yake kwenye mwani anaita jina la mtu. Wamemwomba yule bibi aigize. Amekubali, lakini ameuliza atalipwa shilingi ngapi, na wao hawajapata jibu.